Kona ya Mlevi

Nyumba ya Wageni,
Njia ya Kuteremkia Ziwani,
Jumapili, tarehe 8 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu zikufikie hapo ulipo, wewe na wote walio chini ya paa lako. U hali gani? Wifi yangu hajambo? Na mapacha je, yule mkorofi ameacha kumng'ata mwenzake? Huku sisi tu wazima wa mwili. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini masikio yake ni yale yale, panya akipiga chafya stoo anamsikia. Shemeji yako yuko karakana anaranda mbao, anakusalimu sana.

Nimesema wazima wa mwili. Ya rohoni ni mengine, utayajua ukivumilia kusoma.

Kwanza hawa wapanda baiskeli. Ulipokuja likizo walikuwa wachache, ukawaona watu wa maana, ukakodi baiskeli ukafuatana nao. Sasa wamefurika. Njia zote za changarawe zinazozunguka ziwa na kupanda msituni wamezichora kwenye simu zao, ya kijani ya wavivu, nyekundu ya vichaa, na zote zinaishia barazani kwangu. Vyumba vimejaa, sikatai, na riziki haina mlango mmoja. Lakini kinyaa, mdogo wangu, kinyaa!

Wanaingia na tope mpaka kwenye nyusi, wanajifutia taulo zangu nyeupe. Mmoja nilimkuta ameilaza baiskeli kitandani, juu ya shuka, yeye amekaa sakafuni anaitazama kama mgonjwa. Pua wanapenga kwa kuziba tundu moja na kufyatua la pili, hapo hapo mbele ya dirisha la jikoni. Na zile kaptula! Mtu mzima ana kitambi na wajukuu, anakuja kunywa chai amebanwa kila kitu kiko hadharani, anamwamkia mama mikono kiunoni. Mama siku hizi anaitikia huku anatazama dari.

Tena kuna mafuta wanajipaka makalioni wasichubuke na kiti. Kopo lake mmoja alilisahau mezani, karibu na siagi. Shemeji yako alikuwa ameshapaka mkate. Mpaka leo mkate hagusi, na ukicheka umpigie simu umchekee mwenyewe.

Hayo ningeyameza. Nimefua shuka za watu miaka mingi, sifi kwa tope. Lililonitoa nyongo ni jingine.

Wiki iliyopita wageni walirudi jioni wanacheka, wameketi mezani pamoja na mama. Mmoja anawaambia wenzake kwamba uzuri wa njia nyekundu ni Kona ya Mlevi. Barabara inateremka imenyooka, mara inajikunja bila sababu, hakuna jiwe, hakuna kijito, inazunguka kipande cha msitu kama sahani, halafu inarudi kunyooka. Akasema aliyeichonga kwa greda alikuwa amelewa chakari. Wote wakacheka. Mama akaweka kijiko chini akaniuliza, "Mlevi gani huyo?"

Unajua na mimi najua ni nani aliyeichonga barabara ile. Dereva wa greda alikuwa mmoja tu, na alikuwa baba yetu, ambaye hakuwahi kuonja pombe hata ya harusi yake mwenyewe. Chai ndiyo iliyokuwa ulevi wake.

Kesho yake nikamwambia shemeji yako anipandishe na gari. Nikakuta kibao kizuri, mbao nzito, maandishi ya kuchonga: KONA YA MLEVI. Pembeni wamechora chupa. Chini ya kibao, kwenye majani, zile pakiti za uji mtamu wanaonyonya kama watoto wachanga na kutupa.  Nikatema mate, Mungu anisamehe.

Nikamtafuta yule kijana anayewaongoza, wanayemwita Spoku. Nilimkuta anapaka mnyororo mafuta, nikamporomoshea yote niliyokuwa nayo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu, "Mama, jina sikulitunga mimi. Mdogo wako wa kiume ndiye aliyetuhadithia."

Nikamwambia mwongo mkubwa wewe. Akatoa simu, akanifungulia video.

Loo! Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuona kwa macho yangu. Sauti yako, na kile kicheko chako cha kukohoa. Umesimama katikati ya kona, kofia ya plastiki kichwani, unawaambia watu usiowajua hata kwa jina kwamba babako siku ile alipiga chupa mbili kabla ya kuwasha greda. Wanacheka, nawe unaongeza ya tatu. Kisha unasema ngoja nimpe mzee heshima yake, unageukia miti, unafungua kaptula, unakojoa. Nilimrudishia yule kijana simu yake kwa ncha za vidole.

Nimekulea mgongoni, nimekufuta kila kitokacho mwilini mwako, sikuwahi kukuonea kinyaa. Siku ile nilikuonea.

Na mambo hayajaishia hapo. Mwezi ujao kuna mashindano, jina hilo litapigwa chapa kwenye fulana, na kibao kitajengewa nguzo za zege. Spoku hana neno baya, ila kaniambia wazi: hadithi aliyoitoa mtoto wa kiume wa marehemu, ataifuta mtoto huyo huyo kwa mdomo wake, si dada mwenye hasira. Ameniahidi hatatuma jina kwa wachapaji kabla hajakusikia, lakini hawezi kungoja sana.

Sasa nisikilize vizuri, maana mama ameniruhusu kukwambia. Baba alitukataza, kwa kuwa aliogopa kufukuzwa kazi, na baada ya kazi kwisha kunyamaza kukawa mazoea.

Ulipokaribia kuzaliwa tulikuwa tunakaa kambini juu, na mkunga alikuwa huku chini ziwani. Uchungu ulimshika mama mapema. Barabara haikuwepo, vilikuwepo vigingi tu vya kuonyesha itakakopita, tukavifuata kwa miguu, mama, baba na mimi na birika la maji. Hatukufika. Ulizaliwa msituni, kati ya kigingi na kigingi, juu ya koti la baba. Hukulia. Ulikuwa wa bluu, na mama alikuwa ameshafunika uso wake. Baba alikupulizia mdomoni, akakupigapiga mgongo, akakupulizia tena. Mimi nilikuwa nimeshika birika nakojoa miguuni kwa hofu. Ndipo ukapiga ukelele mmoja, baba akaketi chini akalia kama mtoto. Sijamwona akilia tena, hata alipougua.

Greda ilipofika pale, vigingi vilipita katikati. Baba alimwambia nyapara kuna mwamba mkubwa chini, hapapitiki. Hakuna mwamba. Hapajawahi kuwa na mwamba. Alishindwa tu kupitisha kisu cha greda mahali ulipopatia pumzi, akaizungusha barabara nzima kwa ajili yako, na kwa uongo ule alikatwa mshahara kwa kuchelewesha kazi wala hakunung'unika.

Hiyo ndiyo chupa aliyokunywa.

Mpigie Spoku. Tena usiishie kwenye simu. Njoo kabla ya mashindano, uking'oe kile kibao kwa mikono yako. Shemeji yako atakuazima nyundo. Kama watataka jina jingine, utawapa wewe.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie kitambaa alichonitumia kimetosha. Wabusu mapacha, waambie shangazi anawangoja waje kuogelea. Mama anakuombea usingizi mwema na moyo mwepesi, nami naitikia amina, ingawa kwa kuuma meno.

Jambo la mwisho. Jana mama aliniuliza kama ulipopita na baiskeli ulisimama pale. Nikamwambia ulisimama, tena ulikaa kidogo. Akafurahi, akaniuliza ulifanya nini. Nikasema sijui, nitakuuliza.

Njoo umjibu mwenyewe.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata leo.