Chupa Kumi na Mbili za Maziwa

Morogoro, 4 Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako limepata nafuu. Ng'ombe hawajambo? Maharage mmeshavuna? Mimi mwili hauna neno, ila moyo hautulii. Nakaa, nasimama, chai inapoa mezani. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningekata kabla sijafika penyewe.

Kila mwaka chuo chetu hufanya mhadhara wa kumkumbuka marehemu Profesa Shamsi, yule bingwa wa bakteria aliyenifundisha kazi. Mwaka huu nimechaguliwa mimi kuutoa, tena Kasulu mjini, Ijumaa ya wiki ijayo, kwa kuwa utafiti uliompa jina ulitoka kwetu Kitanga. Aligundua bakteria wazuri wa aina moja katika maziwa mgando ya nyumba zote kumi na mbili alizopima. Wenzangu wananipongeza, nami nachekacheka tu kama mjinga.

Jana wakaniambia kwamba wenye nyumba hizo wataitwa mbele wapewe vyeti. Mzee Pasikali yumo, na Mama Reverien pia.

Mama, hili sijawahi kukuambia. Profesa alinituma nikusanye maziwa, chupa moja kila nyumba. Mzee Pasikali aliniuliza yanakwenda kufanywa nini, nikamjibu kwamba maabara tunayaweka kwenye mashine ya joto. Alinifukuza palepale, akisema maziwa yakitiwa moto ng'ombe wake atakauka. Habari ikanitangulia, na nyumba zote zikaninyima. Nilikuwa mgeni kazini, nikaona aibu kurudi mikono mitupu. Ulipokwenda kisimani nilijaza chupa zote kutoka kibuyu chako cha maziwa mgando, nikabandika majina ya majirani. Ni bakteria wa kibuyu kimoja tu, Mama, kibuyu chako. Profesa amekufa akiniamini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ijumaa nitalisema mwenyewe kabla hawajaanza kuitwa. Kazi huenda nikaikosa. Majirani waambie kwanza wewe, wasije wakaaibika mbele za watu kwa kosa langu.

Hata ukinikasirikia, njoo ukae kiti cha mbele. Ukiona nimesimama na sauti haitoki, kohoa tu, nijue upo.

Nisalimie kaka Fidele na wanawe, na wote wanaoniulizia.

Mwanao,
Esteri