Gari Lenye Kitanda na Jiko

Wifi yangu mpenzi,

Huku hatujambo, ila paka amezalia ndani ya kapu la nguo safi na hataki kuhama.

Jumamosi kaka yako alinipeleka kulikagua lile gari lenye kitanda na jiko, analolitamani tangu aache useremala, ili tuje kwako tukilala njiani. Ni la zamani, lakini injini iliwaka mara moja, na mwenye gari, mama mmoja mpole, alitufungulia kila kabati.

Kaka yako akabonyeza ukuta chini ya dirisha. "Mgumu huu. Haujaingia maji."

Nami nikabonyeza palepale. Kidole kikazama kama kwenye mkate.

"Ubao umeoza, baba watoto."

Alibonyeza tena, kisha akakitazama kidole chake kwa muda mrefu. Mama yule aliposhuka kuzima injini, nikamuuliza kaka yako, "Tangu lini?"

"Vidole vina ganzi tangu mvua zilizopita," akasema. "Ulidhani randa niliiacha kwa uchovu?"

Nilimshika mkono tu.

Gari hatukulinunua. Tulipofika kwenye letu, yeye asiyempisha mtu usukani alinipa funguo bila kuombwa, akaketi upande wa abiria. Keshokutwa tunamwona daktari.

Amenikataza kukwambia, maana wewe ni mdogo wake na hataki umwonee huruma. Basi ukimpigia simu, muulize habari za gari tu. Ukimpa nafasi, mengine atayasema mwenyewe.

Nakuombea afya,
Wifi yako