Gitaa Lililofungwa Siku ya Mtakatifu Yosefu

CHAMA CHA MAFUNDI GITAA "MWEREZI", PARACHO, MICHOACÁN

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI KILICHOFANYIKA ALHAMISI, TAREHE 6 JUNI 2024, KATIKA UKUMBI WA CHAMA

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Fidencio Equihua – Mwenyekiti
2. Bw. Rutilio Huaroco – Makamu Mwenyekiti
3. Bi. Crescencia Cuiríz – Mweka Hazina
4. Bw. Nabor Sebastián – Mjumbe
5. Bi. Ofelia Magaña – Katibu

ALIYEALIKWA
Bw. Evodio Tzintzun – mwombaji uanachama, dereva wa gari la mitungi ya gesi

ASIYEHUDHURIA KWA UDHURU
Bw. Librado Zalapa – amekwenda Uruapan kununua mbao

KUMB. NA. 1/06/2024: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa 11:10 jioni, dakika arobaini baada ya muda uliopangwa, kwa sababu ufunguo wa ukumbi ulikuwa kwa Bw. Nabor na Bw. Nabor alikuwa amelala. Bw. Nabor alisema hakuwa amelala, alikuwa anafikiri. Mwenyekiti aliomba yaishe.

KUMB. NA. 2/06/2024: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA TAREHE 2 MEI

Makamu aliomba neno "alifoka" lililoandikwa juu yake libadilishwe kuwa "alisisitiza". Bi. Crescencia alisema alifoka. Neno lilibadilishwa na kumbukumbu zikathibitishwa.

KUMB. NA. 3/06/2024: OMBI LA UANACHAMA LA BW. EVODIO TZINTZUN

3.1 Katibu alisoma barua ya mwombaji. Bw. Evodio alieleza kuwa ana miaka kumi na tisa akitengeneza gitaa nyumbani kwake, siku za Jumapili tu, kwa kuwa siku nyingine sita yuko barabarani na gari la gesi. Aliomba uanachama ili gitaa moja alilokuja nalo liwekwe kwenye meza ya maonyesho ya Agosti, likiwa na lebo yenye jina lake. Ilikumbushwa kwamba mashindano ya mwezi huo ni ya watu wote, ila meza ni ya wanachama peke yao.

3.2 Mwenyekiti alisoma Kanuni ya 7: "Mwanachama ni yule atengenezaye gitaa kwa mikono yake mwenyewe na kula kwa kazi hiyo." Alieleza kwamba kanuni hiyo haina mlango wa uani. Alisema hana ugomvi na Bw. Evodio, lakini kujiburudisha na mbao Jumapili ni jambo moja, na kuamka na mbao kila siku hata mtu akiwa na homa ni jambo jingine. Alishauri ombi likataliwe.

3.3 Makamu aliunga mkono. Alisema: "Kaka Evodio, mimi natoa gitaa thelathini kwa wiki. Wewe moja kwa mwaka. Hata kuku wangu anakushinda." Bi. Crescencia alisema mayai ya kuku huyo yana sauti nzuri kuliko hayo thelathini. Mwenyekiti aliwataka wajumbe waheshimiane.

3.4 Bw. Evodio alijibu: "Ni kweli, Mzee Rutilio. Mimi ubao ukipasuka nauchoma, naanza upya, maana hakuna mteja anayenigongea mlango. Wewe ukipasuka unaujaza unga wa mbao na vanishi. Sikulaumu, watoto lazima wale. Sisemi mimi ni bora. Nasema na mimi nina jina."

3.5 Makamu alitaka tathmini za mashindano ya Agosti mwaka jana zisomwe, ili mwombaji asione kwamba anaonewa. Katibu alisoma. Gitaa la Bw. Evodio, hilo hilo alilokuja nalo leo, lilikuwa la kumi na moja kati ya kumi na manne, na majaji waliandika: "Kazi safi, lakini mkono ni wa mtu wa kujifurahisha." La kwanza lilikuwa gitaa la Mwenyekiti, ambalo kwa desturi ya Chama linakaa kabatini humu ukumbini kwa mwaka mmoja. Majaji walikuwa Makamu, Bw. Nabor na Katibu.

3.6 Makamu alisema maneno hayatoshi, mwombaji aonyeshwe kwa macho. Alilitoa kabatini gitaa la Mwenyekiti, akaliweka mezani kando ya gitaa la Bw. Evodio, akachukua kioo chenye mpini na tochi ndogo ili waangalie ndani kupitia tundu la sauti. Bw. Evodio alimwomba asifanye hivyo. Alisema: "Liache, mzee. Halina kosa hilo." Makamu alisema: "Umeanza kuogopa, eh? Sogea hapa ujifunze." Mwenyekiti alisema muda ni mchache na wapige kura. Makamu alisema ni dakika moja tu.

3.7 Kama wajumbe wanavyojua, aliyefunga sanduku la gitaa huandika tarehe kwa penseli upande wa ndani wa ubao wa uso, kabla ya kubandika mgongo. Makamu aliisifu kazi ya ndani, jinsi vijiti vya kuimarisha ubao vilivyochongwa na gundi isivyoonekana, kisha akasoma tarehe kwa sauti: "Kumi na tisa Machi, elfu mbili ishirini na tatu."

3.8 Bw. Nabor aliuliza: "Si siku ya Mtakatifu Yosefu hiyo?" Makamu alicheka, akasema hakuna fundi wa Paracho anayeshika gundi siku ya msimamizi wa maseremala, bila shaka Mwenyekiti alikosea kuandika.

3.9 Katibu, akidhani anasaidia kuondoa shaka, alifungua shajara yake ya mwaka jana, ambayo huja nayo vikaoni kwa ajili ya tarehe. Alisoma kwamba siku hiyo ilikuwa Jumapili, na kwamba Mwenyekiti alibeba bendera ya mtakatifu tangu misa ya saa nne hadi saa kumi jioni, kisha akala nyumbani kwa Bi. Crescencia mpaka giza likaingia. Bi. Crescencia alithibitisha: "Alikula sahani tatu za mchuzi wa churipo. Angefunga gitaa saa ngapi?"

3.10 Makamu alikipeleka kioo kwenye gitaa la Bw. Evodio bila kuombwa na mtu. Tarehe ilikuwa 23 Aprili 2023. Katibu aliulizwa na kujibu kwamba nayo ilikuwa Jumapili. Tarakimu ya tatu ya gitaa moja ilikuwa sawa na ya gitaa la pili, yenye kichwa bapa kama kofia, na miezi ilifupishwa kwa namna ileile. Mwandiko ulikuwa mmoja.

3.11 Bw. Evodio alisema: "Niliwaambia mliache."

3.12 Mwenyekiti alisimama. Alieleza kwamba miaka minne iliyopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka na hawezi tena kushika randa. Alikuwa na oda tatu hazijakwisha. "Nilidhani mkono utarudi. Nikamwomba huyu anifungie moja, moja tu, nimalizie. Halafu la pili. Mpaka leo ni kumi na moja." Alieleza kuwa alimlipa Bw. Evodio kila gitaa, akamwomba asimwambie mtu, na Bw. Evodio hakumwambia mtu. Kazi ya kubandika lebo alikuwa akiifanya yeye mwenyewe.

3.13 Bi. Crescencia aliuliza kwa nini basi alishauri ombi likataliwe, na ni mtu aliyemtunzia siri. Mwenyekiti alijibu: "Akiweka jina lake, mimi nitabandika langu kwenye nini?" Kisha alitoka kwenye kiti na kumwachia Makamu. Makamu alisema hawezi kukikalia leo. Bi. Crescencia aliombwa kuendesha kikao kuanzia hapo.

3.14 Bw. Evodio aliulizwa kwa nini ameomba jina sasa, wakati alikaa kimya miaka minne. Hakutaka kujibu. Bi. Crescencia alimwambia: "Sema, baba. Tumeshavuana nguo wote humu." Alieleza kwamba Krismasi iliyopita alikuwa kanisani na mkewe. Kijana wa kwaya alipiga gitaa, na baada ya misa akamshukuru Mzee Fidencio kwa gitaa hilo. Mkewe alimgeukia akamwambia: "Umesikia fundi wa kweli? Na wewe kila Jumapili unanijazia nyumba vumbi la msasa kwa kelele tupu." Bw. Evodio alisema alicheka naye. Alisema: "Nilipofika nyumbani nikaona aibu kwamba nimecheka."

3.15 Mwenyekiti aliomba radhi kwa mke wa Bw. Evodio, ambaye hakuwepo.

3.16 Bw. Nabor alisema kuna aibu nyingine ambayo si ya Fidencio. Mkono mmoja umepewa nafasi ya kwanza na nafasi ya kumi na moja, siku moja, chini ya hema moja. Makamu alieleza kwamba mwanga wa hema ulikuwa hafifu. Bw. Nabor alisema: "Mwanga ulikuwa mzuri, Rutilio. Hata mimi niliona, na mimi sioni. Tulisoma lebo kwanza."

3.17 Katibu alitaka iandikwe kwamba maneno "mkono ni wa mtu wa kujifurahisha" yalikuwa yake, na kwamba aliyaandika kabla gitaa halijapigwa. Aliulizwa aliona nini kilichomfanya aandike hivyo. Alijibu kwamba alimwona Bw. Evodio amelileta kwenye gari la gesi.

3.18 Bi. Crescencia alirejea Kanuni ya 7 kama ilivyosomwa mwanzoni. Alisema kwa miaka minne Bw. Evodio ametengeneza gitaa kwa mikono yake na kulipwa, kwa hiyo amekula kwa kazi hiyo, na kwa hiyo anaingia. Kisha alisema hapendi kuisoma sehemu iliyobaki, lakini kanuni ni ileile, na aliyeisoma leo kwa sauti kubwa ni Mwenyekiti mwenyewe. Asiyetengeneza kwa mikono yake anatoka.

3.19 Bw. Evodio alipinga. Alieleza kuwa hakuna hata ubao mmoja kati ya magitaa hayo kumi na moja uliofungwa kabla Mzee Fidencio hajaugonga kwa kidole na kusikiliza. "Anakuja Jumamosi jioni, anagonga, anasema hapa punguza, hapa acha. Hili langu nililolileta leo hakuligonga. Lipigeni mtasikia." Makamu aliyapiga yote mawili, akayapiga tena. Wajumbe walikubaliana kwamba lililotoka kabatini linazidi, ingawa si kwa nafasi kumi. Bw. Evodio alipendekeza lebo ziwe na majina mawili.

3.20 Bw. Fidencio alikataa. Alisema: "Usinionee huruma mbele za watu, Evodio. Kugonga na kusikiliza nilipaswa kukufundisha bure miaka kumi na tisa iliyopita, ulipokuja kwangu nikakwambia urudi kwenye mitungi yako." Wajumbe wengine hawakuwa na habari kwamba Bw. Evodio aliwahi kwenda kwake. Bw. Evodio alisema alishasahau. Bw. Fidencio alisema: "Hukusahau. Mimi ndiye nilitaka usahau."

3.21 MAAZIMIO
(a) Bw. Evodio Tzintzun alikubaliwa kuwa mwanachama kwa kura zote tano. Kura ya Bw. Fidencio ilihesabiwa.
(b) Nafasi ya kwanza ya mashindano ya mwaka jana irekebishwe kwenye daftari iwe ya Bw. Evodio, na ya kumi na moja ifutwe, kwa kuwa haiwezekani mtu mmoja kusimama sehemu mbili.
(c) Kuhusu magitaa yaliyo mikononi mwa wateja, Bw. Fidencio awaendee wenyewe na kuwaeleza, mmoja mmoja.
(d) Bw. Fidencio alijiuzulu uenyekiti. Kuhusu uanachama wake, kura zilikuwa mbili kwa mbili, yeye mwenyewe hakupiga, na Bw. Evodio alisema hawezi kuanza uanachama kwa kura hiyo. Suala limeahirishwa hadi Bw. Librado atakaporudi.

KUMB. NA. 4/06/2024: LEBO YA GITAA LILILO KABATINI

Bw. Fidencio aliomba aiondoe lebo yake sasa hivi, mbele ya kamati. Maji ya moto yaliletwa kutoka kwenye birika la Bi. Crescencia. Makamu alijitolea kumsaidia na hakuruhusiwa. Bw. Evodio alilishika gitaa lisitikisike, na Bw. Fidencio akaingiza kitambaa chenye maji na kisu bapa kupitia tundu la sauti. Lebo ilitoka vipande vinne. Ubao haukuchunika. Bw. Evodio aliulizwa kama ana lebo yake ya kubandika akasema anayo moja tu, na ameshaiweka kwenye lile alilokuja nalo. Gitaa limerudishwa kabatini bila jina.

KUMB. NA. 5/06/2024: KUBANDIKWA KWA KUMBUKUMBU HIZI

Makamu alipendekeza Kumb. Na. 3 ifupishwe iwe "ombi la uanachama lilijadiliwa na kukubaliwa", kwa kuwa kumbukumbu hubandikwa mlangoni na watoto wa shule hupita hapo. Bw. Evodio aliunga mkono, akamwomba Katibu kwa mkono kifuani amsitiri mzee. Katibu alikuwa tayari kufupisha. Bw. Fidencio alisema: "Ofelia, mwaka jana uliandika mlangoni kwamba mimi ni wa kwanza, kwa herufi kubwa, nami nilipita hapo kila siku kuisoma. Andika yote." Hakuna aliyepinga.

KUMB. NA. 6/06/2024: KUFUNGA KIKAO

Kikao kilifungwa saa 1:35 jioni. Corunda za mahindi na uji wa atole vilivyoandaliwa havikuguswa na Bi. Crescencia alirudi navyo. Ilijadiliwa kama atie sahihi yeye, kwa kuwa ndiye aliyemalizia kikao. Bw. Fidencio alisema yeye ndiye aliyekifungua. Makamu alisogeza kiti amshikie karatasi, na Bw. Fidencio alimwambia asante, aiachie. Sahihi ilichukua muda. Wajumbe walisubiri wakiwa wamesimama, na hakuna aliyetazama saa.

Fidencio Equihua
MWENYEKITI (hadi tarehe ya leo)

Ofelia Magaña
KATIBU
6/6/2024