Kitenge Chako Kimo Ndani ya Taulo

Mama Neema,

Nakuandikia ili mikono yangu ipate kazi nyingine. Mkoba wa sufu, niliyoilowesha maji ya moto na sabuni ili igandane, umo ndani ya taulo hapa mezani, umeviringishwa, una joto bado, na nimeshausogelea mara tatu nikitaka kuufungua. Unanijua. Nimebandika maharage kama ulivyokuwa ukifanya, kwamba taulo halifunguliwi mpaka maharage yaive. Lakini haya ya leo sijui yametoka wapi, hayaivi.

Kitambaa nilichokitandika juu ya sufu ni kitenge chako. Kile cha kijani chenye ndege, ulichotoka nacho Bukavu, kilichofuliwa mpaka kikalainika kama nguo ya mtoto mchanga. Neema amekileta mwenyewe Jumatano. Wiki ijayo anahamia Durban kuanza chuo, na anataka aende na mkoba wa kazi yetu wenye nguo yako. Binti yako huyo, ambaye miaka yote tukimsemesha Kiswahili anajibu Kiingereza, alisimama mlangoni akaniambia, "Anko, ni hii tu imebaki. Plizi, usiharibu." Tangu hapo sina raha.

Maana nishaharibu vingapi? Mkoba wa kwanza unaukumbuka, ule wa mteja wa mtaa wa Troyeville. Nilitandika sufu vizuri, nikanyunyiza maji ya sabuni, nikaviringisha, halafu nikafungua mapema kuona kama sufu imeshika kitambaa. Kitambaa kikateleza chote, kikabaki mkononi mwangu kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Weye Mutanzania," ukasema, "iko nini inakufukuza?" Ndipo ukanionyesha kuchomoa nyuzi. Kitenge kimefumwa kikabana mno, sufu haina pa kupenya, basi unakaa na sindano, unatoa uzi mmoja, unaacha kumi, unatoa mwingine, hivyo hivyo mpaka mwisho wa kitambaa. Mimi fundi cherehani wa Tanga, niliyezoea kushona zipu ishirini asubuhi moja, nilidhani unanitania.

Safari hii nimechomoa zote zinazotakiwa. Siku mbili nzima. Hizo nyuzi nimezitia kwenye kikombe, sijui za nini, siwezi kuzitupa.

Sokoni Newtown bado naenda kila Jumamosi. Wateja wanakuulizia. Wa kwanza nilimwambia umefariki, akaanza kulia pale mbele ya meza, nami nikashika kupanga mikoba ambayo tayari ilikuwa imepangwa. Siku hizi nasema tu hayupo. Hata kwenye matanga sikuweza kutulia. Akina mama wa kanisani kwenu wanaimba, mimi nabeba viti, nabeba sufuria, nakimbilia kiduka cha spaza kununua sukari na sukari ipo tele. Watu wakanisifu, eti Mwislamu huyu ana moyo. Moyo gani! Nilikuwa nakimbia.

Na nilichokuwa nakikimbia wewe unakijua. Siku ile hospitali ulinishika mkono ukasema, "Ikala kidogo." Hivyo tu, kwa Kiswahili chenu, nikae kidogo. Nikakuambia nafuata sufu mjini kabla duka halijafungwa, nitarudi jioni. Sufu yenyewe haikuwa na haraka yoyote. Mama Neema, harufu ya ile wodi ilinishinda, na mkono wako ulikuwa mwepesi mno, nikaogopa. Jioni nikarudi na mfuko wangu wa sufu, nikakuta kitanda kimeshatandikwa upya. Sijamwambia mtu. Naona aibu mpaka leo.

Maharage yameiva. Sijaufungua. Namsubiri Neema.

Naendelea. Alikuja amechelewa, taa za barabarani, hizi roboti za Jules Street, zimezimika tena, magari yanaviziana. Nilimwachia afungue yeye. Mimi mikono yangu niliikalia, kweli kabisa, niliikalia. Akabana sufu kwa vidole viwili kama ulivyomfundisha alipokuwa mdogo, akavuta, na kitenge kikanyanyuka pamoja nayo. Kimeshika! Ndege wako wote wamo, ila mmoja wa pembeni bawa lake limejikunja, huyo nitamshikiza kwa sindano. Kesho nitaupigapiga mezani ubane, kisha niusuuze.

Alikuwa anaupapasa huku analia, na mimi sijui ilikuwaje, nikamwambia yote. Habari ya mkono wako, habari ya sufu. Akaendelea kuupapasa mkoba. Nikashindwa kumtazama, nikainuka niende nikachemshe chai. Akasema bila kunitazama, "Anko, ikala kidogo."

Neno lako, Mama Neema, na sauti yako. Sikujua kama analo.

Nikakaa. Chai hatukunywa. Tulikaa hapo, taulo bichi katikati yetu, mpaka yeye mwenyewe alipoinuka kuwasha taa.

Pumzika, mama yangu. Nisamehe ukiweza. Siwezi kurudi kwenye kile kiti cha hospitali, ningekuwa nimesharudi. Lakini mwanao akinishika mkono, iwe leo au nikiwa mzee, mimi sitakuwa wa kwanza kuinuka.

Ni mimi Saidi,
Mutanzania wako