Rubani wa Viti vya Mezani

Baba Kibonge,

Chai yako ya saa nne iko kwenye chupa. Nguo zianue mvua ikianza. Gesi nimefunga.

Usishangae kukuta viti vya mezani vimepangwa foleni sebuleni. Hiyo ni ndege yako. Wiki nzima umemfunga mwanao mikanda kwenye kiti chake cha gari, ukakipandisha juu ya kiti cha mezani na kuvuma kama injini, eti azoee safari. Kazoea! Leo nimemwambia twende tukapande ndege, kakimbilia sebuleni, kajipandisha, kanionyesha nikae nyuma yake.

Teksi inapiga honi, yeye analia, "Baba avume!" Nikavuma mimi. Kanitazama kwa huruma. Dereva naye kaja kuvuma, kafukuzwa. Mwishowe tumembeba na kiti chake mpaka garini kama mfalme, mama yako kamshika huko, nami nimerudi kuandika haya.

Shirika la ndege wamekubali kiti kiingie ndani. Shida si kiti, shida ni aliyekikalia.

Na wewe umetoka alfajiri kimyakimya, eti hupendi kuaga watu. Haya. ~~Usijisumbue kuja uwanjani.~~

Ndege inaondoka saa saba. Chai inywee njiani. Njoo uvume mara moja tu pale mlangoni pa uwanja, hata watu wakicheka. Halafu uniage na mimi, maana mimi sikufanyishwa mazoezi.

Mama Kibonge