Bibi Yake Ufukweni

Jumapili, Desemba 1998

Bibi! Mimi, na nywele nilizosuka juzi tu kwa ajili ya mapumziko haya!

Mpaka hapo kila kitu kilikuwa kitamu. Saluni yangu ya mtaa wa Greyville nimeifunga, nimepanga chumba ufukweni, nimekula nanasi la pilipili mchangani na kulala mchana kama tajiri. Leo mpenzi wangu Kasongo akaja kunitembelea. Tukakutana na Wakongo wenzake wanaoishi mtaa wa Bluff, naye akanishika bega. "Huyu njo bibi yangu."

Nikanuna. Tuliposimama kwenye roboti, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, nyekundu ikiwaka, nikamuuliza, "Nimezeeka lini mpaka niwe bibi yako?"

Akashangaa kweli. "Eish! Kwetu Lubumbashi bibi njo mke."

Mke. Na hata hajaniposa. Taa ikawa ya kijani, hakuna kati yetu aliyevuka.

Najua mama kule Tanga atauliza ukoo, atauliza dini, na jibu la dini sina bado. Lakini moyo wangu umetulia.

Kesho akija nitamwita babu. Akishangaa, nitamwambia bibi yake amekubali.