Ngoma Niliyompigia Mgeni

Ni mimi, Perisi mdogo wangu, usibishane na watu. Huyo bibi mliyemwona huko Haneti kwenye simu, anampigia ngoma rais wa nchi jirani aliyeimeza hii nchi ya ugenini ninayokaa kwa Yuneya, ndiye mimi dada yako. Na ngoma ni ile ya mama.

Hamjambo lakini? Mvua imenyesha? Mtama umetoka? Na mguu wako je, bado unakaza ukikaa? Upake mafuta, usiwe mvivu. Mimi mzima, ila uso sina. Yuneya mwanangu ndiye ananiandikia hapa, ananiambia mama fupisha. Nifupishe nini!

Ilikuwa hivi. Alikuja mjumbe, akasema akina mama mnatakiwa uwanjani, kuna mgeni mkubwa. Nikauliza, mgeni wa nani? Akacheka, "Wa wote, bibi wa Dodoma." Basi. Si unajua kwetu, mgeni anapigiwa kwanza, habari anaulizwa baadaye. Nikaikausha ngozi kwenye moto, nikaibana ngoma mapajani, nikapiga mpaka kilemba kikaanguka. We si unanijua nikishaanza. Hata kwenye jando la kaka Mazengo walinitoa kwa kunivuta mkono, unakumbuka? Haya.

Huyo mgeni akapanda jukwaani. Askari wake wakashusha bendera ya hapa, wakapandisha yao. Akasema kuanzia leo hakuna mpaka kati ya nchi hizi, nyie wote ni wangu. Mimi ngoma bado iko mapajani. Jioni redio inasema wananchi wamempokea kwa ngoma. Wananchi gani? Ni mimi mtu wa Haneti, nimekuja kulea mjukuu tu!

Kurudi nyumbani, mama mkwe wa Yuneya, yule ninayebangua naye karanga kila siku, akaniangalia. Akasema, "Umemkaribisha kwangu." Hayo tu. Akabeba ungo wake akahamia nyuma ya nyumba. Bora angenipiga, Perisi. Mtoto wake wa mwisho ni askari wa hapa, mpaka leo hajulikani alipo. Mimi nimekula ugali wa mtu, halafu nimempigia ngoma aliyemnyang'anya nchi. Sasa nikipita uani natembea pembeni kama mwizi wa kuku.

Na leo huyo mtu anarudi. Mjumbe amesema anatakiwa bibi yuleyule. Nikikataa watamchukua mume wa Yuneya, ni mwalimu, na walimu ndio wanaowachukua. Asubuhi nimekaa, naiangalia ngoma, inaniangalia. Mama mkwe akatokea. Siku zote hizi hajanisemesha.

"Hiyo ikilowa inalia?"

Nikamwambia hailii, mwenzangu, inakufa kabisa.

Akaondoka. Akarudi na ndoo ya maji, akaitua mlangoni kwangu, akaenda zake.

Nimeimwagia yote.

Msalimie shemeji, asimuuze yule dume wangu. Msalimie mchungaji. Na mama Nyemo jirani, aliyewaonyesha watu hiyo picha mpaka mnadani, mwambie nimesikia. Kaka Mazengo naye umwambie... Huyo mjumbe, ananiita. Nakuja, baba, nakuja! Yuneya, nipe mkono niinuke.

Ngoma nzito leo, Perisi. Nikiibana itanichuruzikia mpaka miguuni, watasema bibi kizee amejikojolea mbele ya rais. Waseme. Aibu hiyo naiweza.